Gari limekufa, lakini namba yake ni zawadi ya marehemu mume wangu

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana nashindwa kulisema jambo hili bila sauti kukatika. Mimi ni mjane wa miaka 44, naishi Leicester, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo upande wa pili wa mji. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nasubiri kuingia kipilefti, gari la mizigo likanigonga kwa nyuma. Sikuumia zaidi ya shingo kukaza, namshukuru Mungu. Lakini buti lote limeingia ndani hadi kugusa siti ya nyuma. Injini haikuguswa. Lilipokuja gari la kuvuta, niliwasha mwenyewe nikalipandisha juu.

Juzi kampuni ya bima imeniambia gari limekufa, kwamba kulitengeneza kutagharimu kuliko thamani yake. Wameliweka daraja la S, yaani muundo wa bodi lake umeumia. Wamenitumia barua pepe yenye kiasi cha fidia, pauni 4,150, wanataka nijibu ndani ya siku 7, kisha niwatumie kadi ya gari na funguo zote mbili. Kiasi sikigombanii. Gari lilikuwa la mwaka 2012 na lilishanitumikia.

Kinachoniumiza ni namba. Mwaka 2016, tulipotimiza miaka 10 ya ndoa, mume wangu alininunulia namba binafsi. Siiandiki yote hapa, lakini ni ya ule mtindo wa zamani wenye herufi moja mbele, kisha tarakimu 9, mwezi tuliooana, kisha herufi tatu za mwanzo za jina langu. Hakuwa mtu wa zawadi yule. Alivificha vibao chini ya kitanda wiki nzima, na siku yenyewe aliamka alfajiri akatoka na bisibisi kwenye baridi, akavifunga mwenyewe. Kibao cha nyuma hakikukaa sawa. Kimeinama kidogo upande wa kulia kwa sababu skrubu moja ilikataa kuingia. Alifariki 2021. Tangu hapo, kila nikirudi kwenye gari na mifuko ya sokoni, macho yangu yalianzia kwenye ile skrubu.

Nimepiga simu yadi lilikopelekwa, kijana akaniambia, "Namba inakwenda na gari, mama." Bima wakasema hilo si jambo lao. Shemeji yangu anasema Jumamosi twende na bisibisi tuvifungue vibao, basi, mambo yaishe. Mpwa wangu wa Coventry amejitolea niihamishie namba kwenye gari lake "iwe salama" hadi nipate gari jingine. Na binti yangu mkubwa ameniambia, "Mama, ni plastiki tu. Baba yuko moyoni." Hakusema kwa ubaya, ila nililia.

Pesa nazihitaji. Sasa hivi naenda kazini kwa mabasi mawili, na zamu ya asubuhi inaanza saa moja. Naogopa nikichelewa watanikata gharama za kuweka gari yadi. Nifanye nini? Na je, ni ujinga kulilia namba ya gari?

Mjane wa Leicester

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya shingo, pole ya gari, na pole ya huyo aliyeamka alfajiri na bisibisi.

Kabla hujasoma mbele: usiwajibu bima kwamba umekubali, na ile kadi ya gari usiitie kwenye bahasha. Namba bado ni yako na inaweza kubaki yako. Kila kitu hapa kinategemea kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Ukikosea mpangilio, namba itakuponyoka na itakuwa kazi ngumu sana kuirudisha.

Nikueleze kwa nini. Hapa Uingereza namba ya usajili haimilikiwi kama unavyomiliki saa au cherehani. Ni haki ya kutumia, inayotolewa na DVLA, ofisi ya serikali iliyoko Swansea. Haki hiyo imefungwa kwenye gari, na anayeishika ni yule aliyeandikwa kwenye V5C, ndiyo hiyo kadi ya gari, kuwa ndiye anayelitunza. Kwa hiyo kijana wa yadi hakukudanganya. Namba inakwenda na gari kama mwenyewe hakuitoa mapema. Ukishakubali fidia, gari linakuwa la bima, kadi inakwenda kwao, gari linapigwa mnada au linakatwa vipuri, na namba inaondoka nalo. Hakuna atakayekuwa amekuibia. Utakuwa umekabidhi kwa mkono wako bila kujua.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Mzee mmoja, rafiki wa familia yetu, alituma kadi Jumatatu, akaja kuuliza habari za namba Ijumaa. Vibao alikuwa navyo, alivifungua siku ile ile ya ajali, na mpaka leo vimetundikwa ukutani kwake. Namba yenyewe hakuipata.

Ndiyo maana bisibisi ya shemeji haikusaidii kwa sasa. Kibao ni plastiki inayoonyesha namba. Unaweza kuwa na vibao na usiwe na namba, na unaweza kuwa na namba bila kibao hata kimoja, ukiitunza kwenye karatasi. Hicho cha pili ndicho tunachokitafuta.

Kuitoa namba kwenye gari na kukaa nayo bila gari kunaruhusiwa, hata bima wakisha kusema gari limekufa. Maelekezo ya serikali kwa mtu ambaye gari lake limelipwa na bima yanaanza na hilo hilo: kama unaitaka namba, omba kwanza kuitoa, halafu peleka kadi kwa bima, halafu watangazie DVLA. Ada ni pauni 80. Unalipa mara moja, na ndani yake imo ada ya kuja kuiweka kwenye gari jingine siku utakapolipata.

Ifanye kesho ukitoka zamu, kwenye tovuti ya serikali yenyewe, gov.uk. Kuna tovuti za mawakala zinazofanana nayo na zinazoongeza chao juu, hizo zipite. Kaa na kadi mkononi, kwa sababu utaulizwa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 11 iliyochapwa juu yake, na lazima iwe kadi ya mwisho uliyotumiwa. Ikiwa uliwahi kuhama nyumba ukapewa kadi mpya, ile ya zamani haitakubalika.

Ukiwa na kadi hapo mbele yako, soma jina. Barua yako haikusema gari limeandikwa kwa nani, na hili linanipa wasiwasi kidogo. Haki ya namba ni ya aliyeandikwa kwenye kadi, hata kama aliyetoa pesa ya kuinunua ni mwingine. Kama ni jina lako, endelea. Kama ni la marehemu na halikubadilishwa, usilazimishe mtandaoni. Ipo njia ya posta kwa familia ya aliyefariki, inayotaka barua, cheti cha kifo na uthibitisho wa anayesimamia mirathi. Inawezekana kabisa, ila inachukua muda, na bima itabidi wakungojee.

Sasa masharti ya gari. DVLA wanataka liwe na uwezo wa kusogea kwa injini yake lenyewe, liwe na kodi ya barabara inayolipwa, au liwe limeandikishwa SORN, yaani halitumiki barabarani, tena bila pengo. Na wakitaka kulikagua, lipatikane. Hapa ndipo sentensi yako moja fupi iliponipa moyo: uliwasha, ukalipandisha mwenyewe. Gari lililoungua au lililopasuka injini, ningekuwa naandika barua nyingine. Lako limevunjika nyuma tu, linawaka na linatembea. Iandike tarehe hiyo mahali, na jina la dereva wa gari la kuvuta kama unalo, maana yeye aliona.

Kwa sababu hiyo hiyo, usifute makato ya kodi ya barabara benki. Watu wengi wakiambiwa gari limekufa, jambo la kwanza wanalofanya ni kuokoa hizo pauni chache za mwezi, kisha ombi la namba linakwama kwa sababu gari halina kodi wala SORN. Pesa yako haipotei. Mwisho wa safari utakapowatangazia DVLA kwamba gari limekufa, makato yatasimama yenyewe na watakurudishia ya miezi mizima iliyobaki.

Usiku huu huu, kabla hujalala, waandikie bima. Tumia barua pepe, usitegemee simu, kwa sababu aliyekujibu jana huenda kesho hayupo. Binti yako akusaidie kuiweka kwenye Kiingereza kizuri. Iseme hivi:

"Kuhusu dai namba hii. Gari langu lina namba ya usajili binafsi ambayo ninaitoa kupitia DVLA ili nibaki nayo. Kiasi mlichotaja nimekiona, ila sijakikubali rasmi, na sitatuma V5C hadi namba iwe imetoka. Naomba gari lisiuzwe, lisivunjwe wala lisiondolewe yadi lilipo mpaka niwathibitishie, na naomba yadi ijulishwe leo. Tafadhali nijibuni kwa maandishi."

Usiongeze lawama. Hiyo inatosha.

Yule aliyekuambia si jambo lao alikuwa sahihi nusu. Kuitoa namba ni kati yako na DVLA. Lakini kulishikilia gari siku mbili tatu ni juu yao, kwa kuwa ndio waliolipeleka yadi. Wakiliuza wakiwa wameshapokea ujumbe wako, una haki ya kulalamika kwao rasmi, na wanapaswa kukupa jibu la mwisho ndani ya wiki 8. Jibu lisiporidhisha, Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kusuluhisha malalamiko ya wateja dhidi ya bima na benki, husikiliza bila kukutoza hata senti. Sitarajii mfike huko. Wafanyakazi wa bima wengi wakiona maandishi kama hayo wanabonyeza kitufe cha kusimamisha gari na mambo yanaendelea.

Na gharama za yadi unazoziogopa: kwenye mtandao kazi hii ni ya dakika chache. Huwacheleweshi watu wiki tatu. Tovuti ikikataa kwa sababu yoyote, ndipo utajaza fomu inayoitwa V317 na kuituma kwa posta Swansea pamoja na kadi na ile ada. Kabla ya kuituma, piga picha kadi kila ukurasa. Hiyo itakula siku zaidi, na hapo waandikie bima tena waongeze muda.

Namba ikishatoka, gari lako linapewa namba nyingine, kwa kawaida ile lililosajiliwa nayo tangu mwanzo. Kadi uliyo nayo inakuwa haina kazi, na mpya yenye namba hiyo nyingine inakuja kwa posta. Waambie bima namba mpya siku hiyo hiyo. Hili dogo linasahaulika sana, halafu dai linaonyesha gari moja na kadi inaonyesha jingine, na malipo yanalala mezani kwa mtu. Namba ya chasisi haibadiliki, iandike kwenye kila ujumbe ili wasipotee. Waulize pia kama watakulipa kwa kuona uthibitisho wa DVLA wakati kadi mpya ikiwa njiani. Kwa mtu anayepanda mabasi mawili, swali hilo halina aibu.

Hapo sasa kubali fidia. Kadi mpya ikifika, chana kile kipande cha njano cha kuuzia gari kwa wafanyabiashara ubaki nacho, sehemu nyingine watumie bima, kisha ingia tena gov.uk uwatangazie DVLA kwamba gari limekufa. Hilo la mwisho usiwaachie wengine ukidhani watakufanyia. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000.

Wewe utabaki na karatasi inayoitwa V778. Hiyo ndiyo zawadi ya mumeo kwa sasa. Inadumu miaka 10, na kuihuisha hakulipiwi, lakini ikipita tarehe yake bila kuhuishwa, haki inapotea moja kwa moja. Iweke pamoja na pasipoti za watoto, tarehe ya mwisho iandike ndani ya kava, na mwonyeshe binti yako ilipo. Ukihama nyumba, wajulishe DVLA anwani mpya.

Kuhusu mpwa wako. Simdhanii vibaya, ni kijana mwenye nia njema na shangazi yake. Lakini kumbuka nilivyosema: haki inamfuata aliyeandikwa kwenye kadi ya gari namba ilipo. Siku ukiiweka kwenye gari lake, haki inakuwa yake. Akiuza gari hilo bila kuitoa, imekwenda. Akigongwa naye, yeye ndiye atakayekaa na kadi na pauni 80 kufanya haya yote, tena akumbuke. Akifilisika au akikosana nawe, huna karatasi ya kushika. Mwambie ahsante, na kwamba kwenye droo yako iko salama zaidi kuliko barabarani Coventry.

Ukipata gari lako, kanuni ni kwamba namba isilifanye gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Mtindo wa herufi moja mbele ulianza 1983 na ukaachwa 2001, kwa hiyo gari lolote la miaka ya karibuni linaipokea bila tatizo. Kuwa mwangalifu na jambo moja tu: ukichukua gari la kukodi kwa mkataba wa miaka, wanaoandikwa kwenye kadi huwa ni kampuni. Utahitaji ruhusa yao, na lazima uitoe namba kabla ya kulirudisha. Kwa moyo ulionao juu ya namba hii, ningekushauri ungoje upate gari lenye kadi ya jina lako mwenyewe, hata likiwa kuukuu.

Umeniuliza kama ni ujinga. Mwanangu, mtu aliyefariki hatuachii kumbukumbu zile tunazozichagua. Mwingine anaachiwa shati, mwingine anaachiwa sauti kwenye simu, wewe umeachiwa namba na mwezi wa ndoa yako ndani yake. Mume asiyejua kutoa zawadi alikaa akafikiri, akahesabu, akanunua, akaficha chini ya kitanda. Hayo yote aliyafanya kwa ajili yako na yamo kwenye hizo herufi. Kuyalilia ni halali yako.

Binti yako naye ana ukweli wake, na nadhani alikuwa anajaribu kukubeba. Watoto wakimwona mama analia hukimbilia neno lolote lililo karibu. Inawezekana hata hajui ile hadithi ya alfajiri, kwa sababu alikuwa mdogo, au alikuwa usingizini. Msimulie. Usimsimulie kama mtu anayemkosoa, msimulie tu, wakati mnaandika ile barua ya bima pamoja.

Na bisibisi ya shemeji usiitupe. Namba ikishatoka kwenye gari, vile vibao havina haki tena ya kuwa pale, na gari bado ni lako mpaka utakapokubali fidia. Piga simu yadi, waambie unakuja Jumamosi kuchukua vitu vyako vya ndani ya gari na vibao. Nenda na shemeji, nenda na binti. Mfungue mbele kwanza. Cha nyuma, kile kilichoinama, kifungue mwenyewe, na ile skrubu iliyokataa kuingia itie mfukoni.